Kumtafuta mzee wa Banani: namna ya kuzisoma karatasi za ukoo zinazopingana

Nyumbani kwetu mtu mmoja alikuwa na maisha matatu. Bibi yangu mzaa mama alisema baba yake aliitwa Mabruki, Myao, na kwamba alibatizwa Banani na Wazungu wa misheni akapewa jina la Barnaba. Daftari la mjomba, lile la jalada jeusi analoandikia mambo ya mirathi, lilisema Mbaruk bin Abdalla, mtu wa Kilwa, aliyemwoa Bi Tunu siku ya Jumanne, Mfunguo Nane, yaani mwezi wa nane baada ya Ramadhani. Na ndani ya kasha la mkangazi, chini ya kanga za bibi, kulikuwa na nusu karatasi ya Kiingereza iliyokunjwa mara nne: Mabruk na Tunu, Banani, siku ya 4, tarehe 11, mwezi wa 8, 1909. Chini yake, majina 12.

Bibi alipofariki, mjomba na mama walikaa muda mrefu hawasemezani vizuri kwa sababu ya karatasi ile. Mjomba aliona kuikubali ni kusema kuwa babu yake hakuwa Muislamu. Mama aliona kuikataa ni kumwita bibi mwongo kaburini. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, nimesomesha historia katika skuli za Chake Chake miaka 31, na nilijiona kama fundi seremala ambaye nyumba yake mwenyewe haina mlango. Nikaanza kutafuta. Imenichukua miaka sita, na mengi niliyoyafanya mwaka wa kwanza ilinibidi niyarudie kwa sababu niliyaanza vibaya. Ndiyo maana naandika: Pemba kuna koo nyingi ambazo mzee mmoja alipitia Banani, shamba la misheni la watu waliotoka utumwani, na karatasi zao zinagombana kama zetu.

Waanze wazee, lakini usiwaulize swali lenyewe

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda kwa shangazi yake mama, ajuza wa Machomane, nikamuuliza moja kwa moja: "Shangazi, babu alikuwa mtumwa wa nani?" Alinyamaza. Akafunga ukaya wake, akaniambia maji ya chai yamechemka. Sikupata neno jingine kwake mwaka mzima.

Utumwa kwetu si habari ya kitabuni. Mtu anaweza kukataliwa posa leo kwa neno lililosemwa juu ya bibi yake mkuu. Basi mzee anapokaa kimya usimwone mkaidi. Anawalinda wajukuu, na wewe ni mmoja wao. Uliza yaliyo pembeni. Alipofika Pemba aliteremkia wapi? Shamba alilochuma karafuu lilikuwa la nani? Nani alimpa kiwanja cha kujenga? Nani alikuwa akija matangani kwake, na alikaa wapi, ndani au barazani? Nani aliyemwita ndugu lakini hakurithi? Swali hili la mwisho ni la thamani kuliko yote, kwa sababu linafungua neno ambalo vijana wengi hawalijui tena: mjoli. Wajoli ni watumwa wa bwana mmoja. Walikuwa hawana baba wala mama kisiwani, basi wakashikana wao kwa wao kama ndugu wa tumbo moja, na watoto wao wakawaita baba wadogo. Kizazi cha tatu husahau kwamba undugu ule ulikuwa wa shamba, wakauweka katika damu. Hapo ndipo watu wawili hugeuka mmoja.

Andika kila jibu siku ileile, na jina la aliyejibu, na nani mwingine alikuwepo. Mama yangu alinipa jibu moja mbele ya mjomba na jingine tulipokuwa peke yetu jikoni tunachambua mchele. Yote mawili niliyaandika.

Na andika pia yale uliyoyaona mwenyewe utotoni hata kama huyaelewi. Nilipokuwa na miaka minane hivi, mzee mmoja wa kanzu safi na bakora alikuwa akija kila Idi kutoka upande wa Wete na kikapu cha halua. Haingii ndani. Anakaa barazani, bibi anatoka kumsalimu kwa heshima kubwa, wanazungumza kidogo, anaondoka. Nikiuliza ni nani, naambiwa: mgeni. Mstari huo niliuandika mwaka wa kwanza wa utafutaji wangu, chini kabisa ya ukurasa, nikausahau.

Ijue Banani kabla hujaenda kuitafuta kwenye mafaili

Mapema mwaka 1897 Waingereza wawili wa dhehebu la Marafiki, ambao ulimwengu unawajua zaidi kwa jina la Quaker, walifika Pemba: Henry Stanley Newman na Theodore Burtt. Newman alirudi kwao, na mwaka 1898 akachapisha kitabu kuhusu safari ile. Burtt alibaki miaka mingi. Marafiki walikuwa na historia ndefu ya kupinga utumwa, na walikuja kwa sababu Sultani Hamoud bin Mohammed alikuwa akisukumwa na Waingereza aufute. Tarehe 6 Aprili 1897, siku za mwanzo za Mfunguo Pili, mwaka 1314 wa Hijria, amri ilitoka. Marafiki walichukua shamba la Banani, si mbali na Chake Chake, wakaweka misheni ya kazi: watu waliotoka utumwani walilima na kuchuma kwa ujira, na kulikuwa na skuli.

Sasa shika mambo mawili kuhusu amri ile, maana ndiyo iliyozaa karatasi. Haikumfungulia mtu mlango akatoka. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru, na aonyeshe pa kuishi na njia ya kujilisha, asije akahesabiwa mzururaji. Bwana wake naye alilipwa fidia. Kwa hiyo katika kila uhuru uliodaiwa kulikuwa na pande mbili zenye haja ya kuandikwa, na upande wa bwana mara nyingi ndio ulioandikwa vizuri zaidi. Ukikwama kwa jina la babu yako, tafuta kwa jina la mwenye shamba. Mimi nilipoteza miezi minne kwa kutolijua hilo.

Jambo la pili: amri ya 1897 haikuwahusu masuria, watumwa wa kike waliowekwa na mabwana wao kama wake. Mwanamke aliyekuwa suria aliweza kudai uhuru kwa sababu ya ukatili tu. Ilibidi isubiriwe amri nyingine, ya Juni 1909, wakati wa Sultani Ali bin Hamoud, ndipo nao waliingia. Na hata hapo, suria aliyeondoka kwa hiari yake kwa bwana wake alipoteza haki ya kukaa na watoto aliomzalia. Sheria ile ina mistari michache, lakini ukiisoma huku umeshika karatasi ya mwaka 1909 mkono unatetemeka.

Marafiki hawabatizi kwa maji

Watu wengi hupotelea hapa. Mtu husikia "misheni", akaenda moja kwa moja kutafuta kitabu cha ubatizo. Marafiki hawana ubatizo wa maji, hawana kasisi, hawana komunyo ya mkate na divai. Hukaa kimya pamoja mpaka mmoja ahisi amepewa neno, asimame alinene. Kwa hiyo kitabu cha ubatizo cha Banani usikitafute.

Waliokuwa wakibatiza ni wengine: Waanglikana wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati, wenye kanisa kuu Mkunazini, Unguja, pale ulipokuwa mnada wa watumwa, wenye kijiji cha Mbweni, na waliokuwa na kituo pia Pemba, Wete. Wakatoliki nao walibatiza. Basi ukisikia ndani ya ukoo "alibatizwa Banani", ujue umeshika habari mbili zilizoshonwa kwa uzi mmoja. Aidha alikuwa Banani, au alibatizwa, au ni watu wawili.

Kwetu walikuwa watu wawili. Nilirudi kwa shangazi wa Machomane, safari hii na kilo mbili za sukari na swali la pembeni: nani alikuwa akimwita babu ndugu na hakurithi? Akasema bila kusita: "Barnaba. Mjoli wake. Yule ndiye aliyekuwa wa kanisa, Myao yule." Bibi yangu alizaliwa akawakuta wazee wawili wamejenga ua mmoja, wote baba kwake. Walipokufa, mmoja alibaki katika masimulizi akiwa amevaa jina, kabila na dini ya mwenzake. Nilipomweleza mama, alilia, kisha akaniambia Barnaba ndiye aliyemfundisha bibi kusuka ukili. Hilo nalo nimeliandika.

Namna Marafiki wanavyoandika ndoa

Kwa kuwa hawana kasisi wa kufungisha, bibi na bwana harusi husimama mbele ya mkutano wakaahidiana wenyewe, halafu hati huandikwa na wote waliohudhuria hutia saini, wakubwa kwa wadogo. Hati moja hukupa majirani, marafiki na wajoli kwa pamoja. Usisome majina ya maarusi ukaifunga. Majina ya chini ndiyo yatakayokuongoza kwa watu ambao wajukuu wao bado wapo.

Lakini angalia mwandiko. Katika hati yenyewe kila saini ina mkono wake, na asiyejua kuandika ameweka alama. Karatasi yetu majina yote 12 yameandikwa na mkono mmoja, kwa wino mmoja, bila kusita. Maana yake ni nakala. Mtu aliiona hati, akaichukua kwa mkono wake ili iwekwe nyumbani. Nakala si uongo, ila kosa likiwemo huwezi kujua ni la nani. Kabla hujasoma neno hata moja la karatasi ya zamani, ipige picha mbele na nyuma, uieleze kwa maandishi: ukubwa, wino, mikunjo, kilichokatwa. Yetu imekatwa kwa mkasi chini ya jina la 12. Huenda walikuwepo wengine.

Siku na miezi: hapa ndipo daftari na karatasi zilipogombana

Marafiki wa zamani hawakupenda majina ya siku na miezi ya Kizungu, kwa kuwa mengi yametoka kwa miungu ya kale ya Ulaya. Wakahesabu tu: siku ya kwanza, ya pili, mwezi wa kwanza, wa pili. Sisi Waswahili nasi tunahesabu. Watu wawili wanaohesabu hudhani wanaelewana, na hapo ndipo hatari ilipo.

Sisi tunaanza baada ya Ijumaa, kwa hiyo mosi yetu ni Jumamosi. Wao wanaanza Jumapili. Siku yao ya kwanza ni Jumapili yetu, ya pili ni Jumatatu, ya tatu ni Jumanne, ya nne ni Jumatano. Kila namba yao iongeze moja upate yetu, mpaka ufike Alhamisi. Yeyote aliyemsomea mjomba ile karatasi aliona "siku ya 4" akasema Jumanne, naye mjomba akaandika Jumanne kwa nia safi kabisa.

Miezi ni mtego mkubwa zaidi. Mwezi wao wa 8 ni Agosti. Lakini mtu wa Pemba wa zamani akiambiwa "mwezi wa nane" ana nane zake mbili. Kwa hesabu ya Kiarabu inayoanza Muharram, wa nane ni Shaaban. Kwa hesabu yetu inayoanza baada ya kufungua Ramadhani, Mfunguo Mosi ni Shawwal, Mfunguo Sita ndio wa Maulidi, na Mfunguo Nane ni Jumadal-ula. Mwaka 1909, Mfunguo Nane ulianguka karibu na tarehe 21 Mei hadi kama tarehe 19 Juni. Shaaban ilianza kama tarehe 18 Agosti. Neno moja, "nane", linakupa ndoa tatu tofauti.

Namna ya kuhukumu ni kutumia siku ya wiki kama shahidi. Tarehe ya Kizungu ina siku yake isiyobadilika, nawe waweza kuihesabu au kuitazama katika kalenda ya mwaka ule. Tarehe 11 Agosti 1909 ilikuwa Jumatano. Siku ya 4 ya Marafiki ni Jumatano. Karatasi imejithibitisha yenyewe: tarehe, mwezi na siku vinakubaliana kwa hesabu ya Marafiki. Kisha nikaijaribu hesabu ya mjomba. Tarehe 11 Mfunguo Nane 1327 inaangukia Jumatatu au Jumanne kwa kutegemea mwezi ulivyoandama, na huko nyuma hakuna anayeweza kukuapia mwandamo wa Pemba ulionekana usiku gani. Kwa tarehe ya Hijria mwachie shahidi huyu nafasi ya siku moja mbele na moja nyuma, usimtegemee peke yake.

Na kama nyuzi zako zinakupeleka mbali zaidi, kwa Rafiki Mwingereza wa karne ya 17 au 18, kumbuka kwamba kabla ya mwaka 1752 mwezi wa kwanza kwao ulikuwa Machi. Daftari za vizazi, ndoa na vifo za Marafiki wa Uingereza za mpaka 1837 ziko katika nyaraka za taifa za Uingereza, Kew.

Majina na kabila

Mabruki na Mbaruk si ugomvi. Mabruki lilikuwa jina la kupewa, kama Feruzi, Baraka, Tunu au Zafarani. Majina ya kheri au ya vitu vizuri ambayo mabwana waliwapa watumwa. Mtu alipokuwa huru alilinyoosha likafanana na la waungwana. "Bin Abdalla" nalo lisome polepole. Mara nyingi aliyekuwa hana baba anayejulikana kisiwani alijiita hivyo, mtoto wa mja wa Mungu. Ukilikuta katika kizazi cha 1897, usiende kumtafuta Abdalla.

Ikiwa karatasi ni ya hati za Kiarabu, irabu fupi hazimo. Faraji na Farji huandikwa sawa. Tarakimu ziangalie kwa mwanga wa pembeni. Mbili na tatu hufanana wino ukififia, tano ni kama sifuri ya Kizungu, saba imefunua mdomo juu na nane imeufunua chini. Mwaka mzima unaweza kupotea kwa kikono kimoja. Makarani wa Kiingereza nao waliandika walivyosikia: Weti, Chaki Chaki. Tafuta kwa kila tahajia.

Kuhusu kabila, mjomba alisema Kilwa na watu wengine wa ukoo walisema Mnyasa. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kupakia watumwa waliotoka bara, nchi ya ziwa Nyasa. Moja ni alikotoka, jingine ni alikopandia chombo. Baada ya mnada wa Unguja kufungwa mwaka 1873 watu waliendelea kuletwa Pemba kwa magendo, kwa sababu kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na Pemba ikabeba sehemu kubwa ya zao. Magendo hayaachi orodha ya abiria. Usipoteze nauli kutafuta jina la jahazi, isipokuwa kama wazee wanasema alikamatwa baharini na manowari ya Waingereza. Hapo karatasi zinaweza kuwepo. Na sensa za 1924 na 1931 zisome ukijua kwamba watu walibadili walivyojiita baina ya moja na nyingine. Aliyeandikwa Mswahili akaja kuitwa Mshirazi hakughushi kitu. Alikuwa amekaa, amezika na amezaa.

Kilimani

Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani, Unguja. Nilipanda boti Mkoani mara tano. Nenda na penseli, daftari na kitambulisho, na nenda na swali moja kwa kila siku. Siku niliyokwenda na maswali saba nilirudi bila jibu hata moja na kichwa kinaniuma. Mafaili ni ya Kiingereza, ya Kiarabu, na ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Kama huzisomi hizo, nenda na mtu wa chuoni anayezisoma, mkae meza moja.

Mafaili ya uhuru wa watumwa, ya mahakama na ya mirathi yasome kama majirani wanaojuana, si kama wageni. Jina la babu sikulipata katika yale ya uhuru. Nilikwenda kwa jina la tajiri mmoja wa mashamba ya upande wa Wete, ambalo mjomba alilitaja kwa bahati tulipokuwa tukizungumzia mpaka wa shamba. Sitamtaja hapa, wajukuu wake ni watu ninaokutana nao sokoni. Katika mirathi yake kuna orodha ya watoto, na mtoto mmoja wa kiume ameandikwa mama yake: Tunu, suria.

Nilikaa nikiitazama ile kalamu. Mtoto wa suria kwa bwana wake ni muungwana kamili, anarithi kama ndugu zake. Mama yake ndiye aliyekuwa akisubiri sheria. Kama ndoa ya Banani ilikuwa Mfunguo Nane, basi Bi Tunu aliolewa wakati amri ya Juni haijatoka au ndiyo kwanza inatoka. Kama ilikuwa Agosti, alitoka kwa bwana wake kwa amri ile, na akajua anamwacha mwanawe. Ugomvi wa daftari na karatasi, ambao nilidhani ni wa dini, ulikuwa juu ya hili. Nikaukumbuka mstari wangu wa chini ya ukurasa, kuhusu mzee wa halua.

Nyaraka za London, kwa ufupi

Maktaba ya Marafiki iko katika jumba lao la Euston Road, London, na humo zimo barua na kumbukumbu za kamati zilizosimamia kazi ya Pemba. Burtt alikuwa akiwaandikia London juu ya hali ya watumwa na walioachwa huru. Karatasi za UMCA ziko Oxford, katika maktaba ya Bodleian. Ukiwaandikia, taja jambo moja, mwaka mmoja na kila tahajia ya jina unayoijua. Lakini mjue aliyeandika: barua ya mmisheni ilikwenda kwa watu wanaotoa pesa za misheni, na barua ya ofisa ilikwenda kwa mkubwa wake. Mimi zilinisaidia zaidi kuzijua desturi za Marafiki kuliko kumwona babu. Marafiki wenyewe bado wapo Pemba, wachache. Ukienda kwa adabu watakueleza jinsi mkutano unavyokaa, na utaielewa karatasi yako vizuri zaidi kuliko kwa kusoma.

Kuwapelekea wenzio wa upande wa pili

Hatua hii niliiogopa kuliko zote, na nakushauri usiifanye kabla ya kuongea na watu wa nyumbani kwako. Niliwaita mama na mjomba pamoja. Niliweka mezani nakala tatu: daftari, nusu karatasi, na nilivyoandika kutoka Kilimani. Sikuwaambia nani ameshinda. Nilimwonyesha mjomba namna Jumanne ilivyozaliwa kutokana na siku ya 4, na akaihesabu kwa vidole vyake mwenyewe mara mbili. Kisha akasema, "Basi bibi hakutoroka. Alikwenda kwa sheria." Mama akasema, "Na salama yake ikabaki Wete." Ndiyo siku ya kwanza niliposikia kwamba bibi mkuu, kila alipotaja Wete, alimaliza kwa neno hilo: salama yangu.

Nilipanda gari ya Wete siku ya Jumapili, baada ya kumpelekea mwenye nyumba salamu kupitia kwa mtu tunayeheshimiana sote. Ni mzee wa makamo yangu, mjukuu wa yule wa halua. Nilikaa barazani. Nilimweleza kwamba bibi yangu na babu yake huenda walinyonya ziwa moja, na kwamba sikuja kwa ajili ya shamba wala mirathi. Nasisitiza, sema hilo mapema, maana baada ya ardhi kutaifishwa na watu kugawiwa eka tatu tatu, kila mgeni mwenye karatasi anatiliwa shaka.

Hakujibu. Aliingia ndani akatoka na msahafu uliofungwa kitambaa. Katika ukurasa mtupu wa mwisho, kwa hati za Kiarabu, kuna safu ya vizazi na vifo. Aliweka kidole: mama yake babu, Tunu, katoka nyumbani Mfunguo Tisa, 1327. Niliomba ruhusa nikaielekeza mwangani. Tarakimu ya mwisho imefunua mdomo juu, saba. Mfunguo Tisa wa mwaka ule ulianza kama tarehe 20 Juni 1909, baada ya amri, na uliisha katikati ya Julai. Asiyetoka mpaka Mfunguo Tisa hawezi kuwa ameolewa Mfunguo Nane. Mkono ulioandika pale haukuijua karatasi ya Banani, na karatasi ya Banani haikuujua msahafu ule.

Akaniuliza jina la bibi yangu na mwaka aliofariki. Nikamwambia. Akamwita kijana wake alete kalamu.